Hali hata senti, lakini anatia saini

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mke na mama wa watoto, naishi Pemba. Mume wangu ni katibu wa ushirika wetu wa mwani. Mwenyekiti ni sahibu yake tangu walipokuwa watoto wa chuo cha Kurani. Kuanzia mwaka jana mwenyekiti anatoa pesa za akiba bila ya kikao, na mume wangu anamwandikia mihtasari ya vikao ambavyo havijakaa, kisha anatia saini. Karatasi nimeziona kwa macho yangu. Linalonishinda ni kuwa mume wangu hapati kitu, hali hata senti. Ni mtu wa swala tano, dukani akizidishiwa chenji huirudisha. Nikimuuliza hukasirika, anasema mimi sijui walikotoka. Na mimi pia nina akiba yangu mle. Mtu mwema anafanyaje mambo haya kwa ajili ya mwenzake?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Umeandika "hali hata senti" kama kwamba ndilo linaloifanya habari yote isieleweke. Mimi nitaanzia papo hapo, kwa sababu kwa uoni wangu hilo ndilo linaloieleza.

Mtu aliyelipwa ili afanye baya anajua kwa nini amelifanya. Akijiuliza usiku, jibu analo: nilitaka pesa. Ni jibu bovu, lakini linamwachia akili ya kujua kuwa baya ni baya. Mume wako hana jibu hilo. Ameandika uongo, hakupata kitu, na anajijua kuwa ni mkweli. Mambo matatu hayo hayakai pamoja katika kifua kimoja, lazima mojawapo lisogee. Uongo umeshaandikwa na saini iko chini yake. Pesa hakuna. Basi linalosogea ni vile anavyoutazama ule uongo: "Huu si uongo khasa, ni utaratibu tu. Mwenyekiti ana sababu zake."

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Leon Festinger na James Carlsmith, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wanafunzi walipewa kazi ya kuchosha kupita kiasi, kuzungusha vijiti kwenye ubao kidogo kidogo, tena na tena. Walipomaliza wakaombwa wamwambie mwenzao anayengojea zamu kuwa kazi ile inafurahisha. Baadhi yao walilipwa dola 20 kwa uongo huo, wengine dola 1. Baadaye wakaulizwa wao wenyewe wameionaje kazi. Waliopata dola 20 walisema inachosha, kama ilivyokuwa. Waliopata dola 1 ndio waliosema haikuwa mbaya. Dola moja haikutosha kuwa sababu ya kumdanganya mtu, kwa hiyo wakaanza kuuamini uongo wenyewe.

Mume wako hakupata hata hiyo moja. Ndiyo maana ukimuuliza hukasirika. Ungemkuta na pesa za watu mfukoni angeinamisha kichwa. Hapa unamvurugia maelezo aliyoyajenga kwa tabu, na hana mengine ya akiba.

Tuje kwenye mwanzo wake. Sikuwapo, lakini habari za namna hii huja kwangu mara nyingi, na karibu zote huanza kwa karatasi ambayo ni nusu ya kweli. Wakati wa bamvua huwezi kuwakusanya wanachama wa mwani, wote wako pwani, maji yametoka mbali na saa za kufanya kazi ni chache. Mwenyekiti anasema pesa za kamba zinatakiwa kesho, hakuna asiyejua kuwa kamba tunazihitaji, andika tu kuwa tumekaa, Jumapili tutawaambia. Na pengine Jumapili wakaambiwa kweli. Ni nani angeona ubaya hapo? Karatasi ya pili, Jumapili ikapita kimya. Ya tatu haikuwa ya kamba tena. Kila moja ukiipima na iliyoitangulia tofauti yake ni ndogo, na anayetaka kuikataa ya nne itambidi aeleze kwa nini aliikubali ya tatu. Kufuli liko hapo. Watu hudhani msaidizi kama huyu siku moja alikaa akaamua kuwa upande wa ubaya. Siku hiyo haikuwapo.

Kuna jaribio jingine, mashuhuri zaidi na lenye lawama nyingi, la Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, lililoanza mwaka 1961. Watu wa kawaida waliambiwa wampe mtu wa chumba cha pili mishituko ya umeme kila anapokosea jibu. Umeme wenyewe haukuwapo, na aliyekuwa akipiga kelele alikuwa akiigiza, ila wao hawakuambiwa. Swichi zilikuwa 30, kila moja imeandikwa volti 15 zaidi ya iliyotangulia, hadi 450. Katika mpango unaotajwa sana, watu 26 kati ya 40 walifika swichi ya mwisho, wengi wao wakitokwa na jasho na kutetemeka, kwa sababu tu bwana mmoja aliyevaa koti la maabara alikuwa akiwaambia waendelee. Milgram amelaumiwa kwa kuwahadaa watu na kuwatesa nafsi zao, na kuna wanaosema baadhi yao walishatambua kuwa ni maigizo. Lawama hizo nazikubali. Hata hivyo kuna mpango wake mmoja ambao kila nikiletewa kesi ya katibu, mhasibu au naibu wa mtu huukumbuka. Safari hii mshiriki hakuigusa swichi. Swichi aliibonyeza mtu mwingine, yeye alibaki na kazi ndogo ya pembeni, kusoma maneno. Waliokwenda hadi mwisho walikuwa 37 kati ya 40.

Mume wako hajatoa pesa benki wala hajazihesabu. Kazi yake ni kuandika. Mkono unaobonyeza ni wa mwenzake, na mkono wa mwenzake ukiwa mbele, wako huuoni.

Haya niliyoyasema yanaweza kumshika yeyote, hata aliyeajiriwa wiki iliyopita. Yapo yanayowashika marafiki peke yao, na kwenu ndiyo mazito. Amekuambia hujui walikotoka. Usilipuuze neno hilo. Huenda huyo mwenyekiti ndiye aliyesimama siku mama mkwe wako alipovushwa kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, akalipa nauli, akakesha naye wodini. Huenda ndiye aliyemwingiza kwenye uongozi mwenyewe akiona haya kuomba kura. Mimi sijui, wewe unajua zaidi. Mtu wa aina hiyo akija na karatasi, mume wako hasikii akiulizwa, "Unaridhika pesa za kina mama zitoke bila ya kikao?" Angesikia hivyo, kwa tabia uliyonieleza, angekataa hapo hapo. Anachosikia ni, "Uko nami au huko nami?" Na swali hilo amelijibu tangu utotoni, jibu lake halibadiliki. Mwaka mzima amekuwa akijibu swali la urafiki, na swali la pesa halijaulizwa hata mara moja mbele yake na mtu ambaye jibu lake analijali. Umeuliza mtu mwema anafanyaje. Anafanya kwa wema ule ule unaoujua, ila umeelekezwa kwa mtu mmoja, na wengine wote wamekaa nje yake.

Halafu kuna kisiwa chenyewe. Anayeishi Dar es Salaam akigombana na rafiki anahama mtaa, habari imekwisha. Wete au Mkoani utahamia wapi? Utaswali naye msikiti mmoja, mtoto wako ataoa kwao, siku ya msiba utamkuta amekamata jeneza upande wa pili. Watu wa umri wa mume wako na waliomzidi wanakumbuka miaka iliyofuata uchaguzi wa 1995, siasa zilipowafikisha watu wa Pemba kususiana maduka, harusi, hata maziko. Aliyeyaona hayo anajua kutengwa kuna uzito gani, na hulikwepa kwa gharama kubwa hata pale ambapo jambo lenyewe halina siasa ndani yake. Sisemi kuwa ni woga wa kipuuzi. Nasema uhesabu.

Sasa stara. Hapa nitakaa kidogo, maana nadhani ndipo mume wako anapolala usingizi. Sisi tumelelewa kuwa anayemsitiri ndugu yake Mwenyezi Mungu atamsitiri, na kuanika aibu ya mtu ni jambo la mtovu wa adabu. Ni mafunzo mazuri, yamezihifadhi nyumba nyingi. Mtu wa swala tano akimfichia sahibu yake haoni kuwa anashiriki dhambi, anaona anapata thawabu. Ukimkabili kwa maneno ya sheria na ukaguzi, kwake wewe ndiye unayemwita kwenye kitu kichafu: kumuuza rafiki.

Lakini muulize sheikh yeyote unayemwamini, naye atakutenganishia mambo mawili. Kuna kosa la mtu na Mola wake, alikunywa, aliteleza, alifanya la faragha akajuta. Hilo linasitiriwa. Na kuna haki ya mtu mwingine. Pesa za kina mama waliosimama kwenye maji tangu asubuhi wakifunga mwani kwenye kamba, wakangoja kama wiki sita wavune, wakaanika, wakauza kwa bei ambayo wewe unaijua kuliko mimi, hizo si siri ya mwenyekiti ya kusitiriwa. Haki ya watu haifunikwi na stara, hurudishwa kwa wenyewe au wenyewe wasamehe. Na kusamehe hawawezi, hawajui kuwa wameibiwa.

Iko hadithi ya Mtume (SAW) ambayo mume wako bila shaka aliisoma chuoni pamoja na huyo huyo sahibu yake: msaidie ndugu yako, awe dhalimu au amedhulumiwa. Masahaba wakauliza, aliyedhulumiwa tunamsaidia, dhalimu je? Wakajibiwa kuwa kumsaidia ni kumzuia na dhulma yake. Naitaja kwa sababu inampa mtu kama mume wako kitu ambacho mimi na majaribio yangu ya Marekani hatuwezi kumpa. Inamruhusu kukataa akiwa bado ni rafiki.

Kuna kauli moja ambayo hukuiandika, lakini nina hakika ama ameshaisema au ataisema: "Mimi nikitoka, ataharibu zaidi. Mimi ndiye ninayemzuia." Wasaidizi karibu wote husema hivi, na wengi wao husema kwa ikhlasi. Usibishane nayo. Iulize tu, kwa upole: katika mwaka huu, ni jambo gani ulimzuia likazuilika? Si alilolalamikia, si alilomnunia, alilolizuia. Kama lipo, basi kweli ana nguvu pale na anaweza kuitumia tena. Kama halipo, ataona mwenyewe kuwa amekaa kwenye gari kama breki isiyoshika, na abiria wamepanda kwa kuwa wameiona.

Nitakupa mfano wa mbali, wa watu wakubwa, kwa sababu wadogo hatuandikwi. John Mitchell alikuwa mwanasheria mwenza wa Richard Nixon huko New York, akamsimamia kampeni ya urais ya 1968, akawa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Watu walipokamatwa usiku wa Juni 1972 wamevunja ofisi za chama cha upinzani katika jengo la Watergate, Mitchell alikuwa miongoni mwa wakubwa waliosaidia kuifunika habari. Nixon alijiuzulu Agosti 1974, na mwezi uliofuata rais aliyemrithi, Gerald Ford, akamsamehe. Mitchell hakusamehewa na mtu. Alitiwa hatiani tarehe 1 Januari 1975 kwa kula njama, kuzuia haki isitendeke na kusema uongo chini ya kiapo, akakaa gerezani miezi 19. Kumbuka kazi yake: aliyekuwa msimamizi mkuu wa sheria wa nchi nzima. Kuijua sheria hakukumsaidia kitu, kwa sababu swali alilokuwa akilijibu halikuwa la sheria.

Kwetu hali haipungui ukali. Aliyesaidia kosa kwa kujua huhesabiwa naye kuwa mkosaji, apate fungu asipate. Tena kwenye ushirika ushahidi hukaa kwenye karatasi, na karatasi zote zina mwandiko wa katibu. Mwenyekiti siku ya siku anaweza kusema, "Mimi nililetewa muhtasari wa kikao, nikaufuata." Simwiti mtu huyo mbaya kabla ya kumsikia, lakini watu waliobanwa husema maneno kama hayo hata kwa ndugu zao wa tumbo moja. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao safari hii ni wewe na watoto.

Mwenyekiti mwenyewe simjui na sitasema mengi juu yake. Huenda ana deni. Huenda anadhani atarudisha msimu ujao. Nyoyo za watu kama yeye ni rahisi kuzieleza kuliko za wasaidizi wao.

Ufanye nini? Kwanza acha kumwambia achague kati yako na yeye, kama umeshaanza. Ukifanya hivyo unamrudisha kwenye lile lile swali la "uko na nani", na katika swali hilo mwenzake amekutangulia kwa miaka mingi. Pia usimwite mwizi, si kweli na anajua si kweli, na akishakukamata kwenye neno moja la uongo hatakusikiliza mengine. Zungumza juu ya karatasi moja, ile ijayo. Mwambie ya nyuma yatakuwa na siku yake, lakini hii inayokuja usiiandike. Mtu hawezi kuyatengua ya mwaka mzima katika usiku mmoja, ila kuiacha kalamu mezani mara moja anaweza.

Pili, na hili nalishikilia kuliko yote, mtafutie mtu wa tatu. Milgram alikuwa na mpango mwingine ambao mshiriki alikaa na wenzake wawili, na wale wawili wakagoma katikati, mmoja baada ya mwingine. Waliobaki hadi swichi ya mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Koti la maabara lilikuwa lile lile na amri zile zile. Kilichobadilika ni kuwa mtu alimwona mwenzake akisema hapana na dunia haikuanguka. Mke nyumbani hatoshi kwa kazi hii, samahani kwa kusema hivyo, kwa sababu wewe huketi kwenye ile meza. Anatakiwa mshika fedha, au mjumbe mmoja wa kamati, au mzee wanayemheshimu wote wawili, aliyewafundisha au kuwaozesha. Awaendee wote wawili, si mmoja. Mambo ya namna hii yakianza na sheha au polisi, mwenyekiti ataamini kuwa amechongewa, na mume wako atamkimbilia kumlinda.

Tatu, kazi ya katibu ina nguvu ambazo pengine amezisahau. Yeye ndiye anayeandika barua za kuwaita watu. Aitishe kikao cha kweli, chenye wanachama, ajenda iwe mapato na matumizi. Yaliyotoka bila ya kikao yawekwe mezani, na kirudishwe kinachoweza kurudishwa kwa makubaliano yaliyoandikwa. Vyama vya ushirika vina Mrajis na maafisa wake, na kuomba wakaguzi waje ni jambo la kawaida kabisa ambalo halihitaji kumshitaki mtu. Kabla ya hapo aonane na mwanasheria, aeleze karatasi alizotia saini na asifiche hata moja. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Pemba, na wilayani wako wasaidizi wa sheria. Muhtasari wa zamani usichanwe wala usiandikwe upya. Wengi hutubia kwa kuchoma karatasi na hapo ndipo wanapojitafutia kosa la pili.

Wewe mwenyewe usitie saini kitu chochote cha ushirika kitakachoingia nyumbani, hata kama ni cha kushuhudia tu, na pesa zisilale kwenu hata usiku mmoja.

Inawezekana akakataa yote haya. Hapo utabaki na jambo moja ambalo ni lako si lake. Umesema una akiba yako mle. Basi wewe ni mwanachama, na mwanachama ana haki ya kuuliza hesabu kwenye mkutano kama mama mwingine yeyote aliyefunga mwani wake akauza. Huna haja ya kuzitaja zile karatasi. Uliza tu kilichoingia ni kiasi gani, kilichotoka ni kiasi gani, na kikao gani kiliamua. Ila mwambie mumeo mapema, mkiwa wawili, kuwa utauliza na siku utakayouliza. Asikusikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu, sahibu yake akiwa amekaa pembeni yake.